Karakana ya Kibuye: chapa yetu ilianzia WhatsApp

Mnaotafuta mahali pa kuchapisha mabango na fulana Kisumu, nendeni ile karakana iliyo nyuma ya soko la Kibuye. Nasema kwa moyo wote.

Sisi vijana wa Kondele tulitaka chapa, yaani picha ya kuchapisha, ya kuwakumbuka waliouawa Juni 25, 2024, kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Kila mmoja alichora kwake akatuma kwa WhatsApp. Fundi akaunganisha michoro yote ikawa picha moja, akaturushia tujadili. Tulibishana sana, hasa kuhusu kuandika "Kifungu cha 37", kile cha Katiba kinachotupa haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Kikabaki, na sasa ndicho kinachosomeka toka mbali.

Siku ya kuchapa alitugawia patasi tuchonge wenyewe kwenye linoliamu, ile ya kutandika sakafuni, ambayo ni laini kuchonga. Herufi huchongwa kinyume, kama zinavyoonekana kwenye kioo, ndipo zitoke sawa kwenye karatasi. Wino hupakwa kwa rola, kidogo kidogo. Ukizidi, mistari myembamba inaziba. Alikaa na kila mtu hadi akaelewa, wala hakununa.

Karatasi ni bei nafuu, fulana ghali kidogo. Mbili zilichafuka kwa kukunjwa kabla wino haujakauka, wakachapa nyingine bila malipo.

Mkituma michoro, itumeni kama faili, si kama picha ya kawaida. WhatsApp huifinya picha na mistari inapotea.