Pakiti ya kaboni za saizi mchanganyiko kwa mota ndogo

Mota ambayo kaboni zake (vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) hazitengenezwi tena mara nyingi huokolewa na pakiti hizi. Vipimo vilivyoandikwa juu ya pakiti usiviamini sana. Pima mwenyewe kwa kalipa unene, upana na urefu. Kaboni ya 6.5 mm unaweza kuisugua hadi 6.35 kwa msasa laini uliolazwa juu ya kioo, ila iliyo nyembamba mno haina dawa: itacheza ndani ya kishikio, itatoa cheche na kuila komuteta, yaani duara la shaba linalozunguka likiguswa na kaboni. Kaboni inatakiwa iteleze yenyewe ndani ya kishikio bila kukwama.

Udhaifu mkubwa ni springi. Nyingi ni laini, kwa hiyo tumia za zamani kama hazijaungua. Kaboni zenye kipini kinachokata umeme kaboni inapoisha hazimo kabisa, na hilo ni pengo. Tena kaboni za pakiti hii ni za mota za umeme wa nyumbani. Mota ya volti 12 hutaka kaboni yenye shaba, la sivyo inakosa nguvu.

Badilisha zote mbili pamoja, kisha endesha mota bila mzigo kwa dakika 10 hivi. Cheche zisipopungua, kagua komuteta kabla ya kulaumu pakiti.