Bodaboda za kuita kwa simu Mwanza: mjini raha, Buhongwa jasho

Nashona Makoroboi, naishi Nyegezi. Tangu Ramadhani natuma nguo za wateja kwa hizi bodaboda za kuita kwa programu, kwa hiyo tabia zao nimeshazijua.

Mjini sina neno. Mtaa wa Rufiji ukiziba, dereva anakatiza Liberty. Nako kukijaa, kuna Pamba. Mitaa ya zamani inakutana, hukosi pa kutokea.

Kasheshe ni Buhongwa, pembezoni mwa jiji. Juzi nilituma gauni la sendofu. Dereva akanipigia: "Dada, bati la nyumba yao naliona, ila mbele yangu kuna ukuta." Njia ya kwanza ilimfikisha kwenye jiwe kubwa kama basi. Ya pili ikaishia getini kwa mtu. Kila mara alirudi mpaka lami ndipo aingie nyingine, maana vile vijia haviungani. Kule watu walinunua vipande kwenye shamba la mtu, kila mmoja akaacha njia ya kumfikisha kwake, basi. Programu nayo ilipiga nauli utadhani ule ukuta una mlango. Dereva aliomba nyongeza ya 2,000, nikampa. Ningekuwa yeye ningedai zaidi.

Cha ajabu, Igogo, kule mlimani kwenye mawe ambako wengi wanakuita skwata, mzigo unafika. Dereva anaacha pikipiki chini, anapanda kwa miguu, na vichochoro vinatokezana. (Akiwa mnene, nimwonee huruma.)

Mteja wangu mmoja anasomea mipango miji. Anasema Marekani walihesabu ni njia ngapi zinakutana kwenye kila makutano, wakaona mitaa mipya ilizidi kuwa ya kuishia njiani hadi katikati ya miaka ya 1990, ndipo ikaanza kuungana tena. Nikitazama Kishiri, nako pembezoni kama Buhongwa, sisi bado tunajenga kuta.

Lawama yangu kwa wenye programu ni moja: tangu 2022 tumebandikiwa namba za anwani za makazi, wao hawana hata pa kuziandika. Wanataka pini ya ramani tu, na pini ikidondokea nyuma ya ukuta, shauri yako.

Nyota tatu. Mzigo wa Buhongwa, panga na mteja akutane na dereva kwenye lami. Lile gauni lilipokelewa hivyo hivyo: mama wa binti alishuka mwenyewe, rola bado ziko kichwani.