Virutubisho kwa mwenye Crohn au kolaitisi: kipi kinafaa, kipi kinaumiza utumbo

Karibuni, watazamaji. Hapa mezani kuna vichupa na pakiti ambazo watu wenye ugonjwa wa Crohn au kolaitisi ya vidonda, magonjwa ya kudumu yanayoleta uvimbe na vidonda kwenye utumbo, huuziwa kila siku. Niseme mapema: hakuna hata kimoja kinachochukua nafasi ya mesalazini, azathioprini au sindano ulizoandikiwa. Tafadhali usiache dawa kwa ajili ya kichupa. Leo tunauliza mambo mawili tu: je, kipimo cha damu kimeonyesha upungufu? Na je, utumbo wako, pale ulipougua, unaweza kukinyonya?

Naanza na chuma, maana ndicho kinachokosewa zaidi. Hiki ni ferasi salfeti, kwa mbele kimeandikwa miligramu 200. Geuza kichupa usome maandishi madogo: chuma chenyewe ni kama miligramu 65. Hiyo ndiyo namba ya kuhesabu. Wengi wanameza vitatu kwa siku ili damu ipande haraka. Haipandi haraka. Utumbo hunyonya sehemu ndogo, kinachobaki kinateremka kwenye utumbo mpana wenye vidonda, tumbo linasokota, kuhara kunazidi. Choo nacho kinakuwa cheusi, na hapo huwezi kujua kama ni chuma au ni damu inayovuja sehemu ya juu ya tumbo. Kwa wengi kidonge kimoja kwa siku kinatosha, hata siku moja ndiyo, moja hapana. Kimeze kwa maji saa moja kabla ya kula, na chai isubiri. Chai, maziwa na vidonge vya kalsiamu vyote vinakizuia.

Lakini sikiliza hapa. Ugonjwa ukiwa umewaka, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, nayo hufunga mlango wa chuma kwenye utumbo. Unaweza kumeza miezi mitatu na hemoglobini isisogee. Ndiyo maana mwenye uvimbe mkali, au hemoglobini chini ya gramu 10 kwa desilita, huwekewa chuma cha mshipani. Kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, nacho hudanganya, kwa sababu uvimbe wenyewe huipandisha. Bila uvimbe, chini ya mikrogramu 30 kwa lita ni upungufu. Penye uvimbe, hata 80 inaweza kuwa upungufu. Omba CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe, ipimwe siku hiyohiyo, vinginevyo namba hiyo haisomeki vizuri.

Vitamini B12: hii hunyonywa kwenye kipande cha mwisho cha utumbo mwembamba, palepale Crohn inapopenda kukaa. Aliyekatwa zaidi ya sentimita 20 za kipande hicho, multivitamini yenye mikrogramu 2 au 3 haitamsaidia. Anahitaji sindano ya mikrogramu 1000 kwa ratiba ya daktari. Mwenye kolaitisi ya utumbo mpana peke yake, kwa kawaida hana sababu ya kuinunua.

Foliki asidi ni ya anayetumia sulfasalazini au methotreksati. Ya methotreksati mara nyingi hunywewa siku tofauti na dawa yenyewe. Pima B12 kwanza, kwa sababu foliki nyingi huficha upungufu wake huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Na ukiandikiwa prednisoloni, dawa ya steroidi inayodhoofisha mifupa, uliza vitamini D na kalsiamu tangu wiki ya kwanza, mifupa haisubiri.

Sasa mitishamba. Manjano yana ushahidi kidogo, na ni kwa kolaitisi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapa wagonjwa wa hali nyepesi hadi ya wastani gramu 3 za kurkumini kwa siku, juu ya mesalazini, na waliopata nafuu walikuwa wengi kuliko kwa waliopewa vidonge vitupu, visivyo na dawa. Ila kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya unga wa manjano. Gramu 3 zingehitaji karibu gramu 100 za unga! Kijiko kwenye maziwa ni kinywaji kizuri, si dozi ile. Vidonge vyenye kurkumini pamoja na dondoo la pilipili manga huingia mwilini kwa wingi, na vimeripotiwa kuumiza ini. Unayetumia azathioprini, ambayo nayo hufuatiliwa kwa vipimo vya ini, usivianze kimyakimya. Macho yakigeuka njano au mkojo ukawa wa rangi ya chai, acha na uende hospitali.

Shubiri: nikikata jani hili, tazama huu utomvu wa njano unaochuruzika chini ya ganda. Huo ni dawa ya kuharisha, na unaondoa potasiamu mwilini. Ute mweupe wa katikati ni kitu kingine kabisa. Juisi ya jani zima inachanganya vyote viwili, kwa hiyo hapana. Sanamaki, nayo ya kuharisha, pia hapana, na imejificha kwenye chai nyingi za "kusafisha tumbo". Soma viambato vyote.

Mwisho, maganda ya isabgoli, yaani nyuzinyuzi za mbegu za sailiamu (psyllium). Ugonjwa ukiwa umetulia, kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji husaidia choo kushikana. Kinywe mara moja, kabla hakijawa uji mzito. Lakini kama umewahi kuambiwa utumbo umebana mahali, usikiguse: kinavimba ndani na kinaweza kuziba kabisa.