Kikundi cha mizani au kikundi cha jikoni?

Ukitaka kupunguza uzito na wenzako hapa Kampala, kuna vikundi vya namna mbili. Kimoja mnapimana kila Jumamosi, kilo zinasomwa kwa sauti na aliyepungua anapigiwa makofi. Kingine hakina mizani: mnakutana kwa mmoja wenu, mnapika, mnakula, kisha mnatembea.

Mizani ina nguvu yake, hasa mwanzoni. Ukijua Jumamosi inakuja, unampita muuza rolex, ile chapati iliyoviringishwa na mayai, ukiangalia upande wa pili. Lakini uzito unaweza kupanda kilo moja au mbili kwa maji na chumvi tu, au hedhi. Mama aliyejitahidi wiki nzima anaonekana amezembea mbele ya watu, na wiki inayofuata haji.

Jikoni ndiko kwenye faida, kwa maoni yangu. Matoke ya mvuke hayana mafuta ya kutisha. Kinachotuponza ni mlima wake sahanini na mchuzi wa karanga unaomwagwa juu bila huruma. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga 4. Ukimwona mwenzako anajaza nusu sahani mboga za majani kama nakati na dodo, robo maharage, robo matoke, karanga vijiko viwili, na bado anashiba, huhitaji hotuba. Posho, yaani ugali, ni hivyohivyo: kipande cha ukubwa wa ngumi.

Gharama? Jikoni mnachanga ya soko kila mara. Mimi ningechagua huko, na mizani mara moja kwa mwezi, kila mtu asome zake kimya.