Boti mbili za mpira, na yule kijana wa dukani

Mimi nilinunua ile ya kijivu, nene. Ya buluu, nyepesi na ya bei ya chini, aliichukua shemeji yangu, nami nikamcheka. Siku hizi simcheki sana, ingawa kusema kwamba yeye ndiye aliyepatia, hapo bado.

Urefu na uzito vimeandikwa kwenye boksi, someni wenyewe. Neno langu mimi ni la valvu, pale pa kujazia upepo. Tumetoka Kunduchi asubuhi, bahari shwari, maji yanajaa, tunaambaa na mikoko kuvua samaki changu. Jua halijachoma vizuri, ubavu wa kushoto umeshalegea. Ukivuta kasia boti inajikunja katikati. Nikawashuku chaza wa kwenye mizizi, maana wale wanakata kama wembe. Nyumbani nikaipaka povu la sabuni kote. Mpira mzima, mishono mizima. Mapovu yanachemka kwenye valvu tu.

Nikairudisha Kariakoo. Yule kijana siku ya kuniuzia aliapa, "Mzee wangu, na hii unafika kisiwani Mbudya na kurudi." Safari hii hata macho hakuyatoa kwenye simu. "Mzee, hiyo ya kuchezea bwawani. Nani alikutuma baharini?" Mbele za watu! Namweleza habari ya valvu, ananionyesha kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi. Salamu yangu yenyewe hakuiitikia.

Aliyeniokoa ni fundi pancha wa bodaboda pale Mtongani. Alifungua valvu, akatoa oringi, kile kipete cha mpira, iliyokaa upande, akaweka nyingine, akataka elfu mbili. Basi! Tangu hapo upepo unakaa kutwa nzima. Kitu cha elfu mbili ndicho nilichotukaniwa.

Kwa hiyo boti ni nzuri, sikatai. Sakafu ya mbao unasimama ukarusha mshipi bila kuyumba. Ya buluu chini ni laini, haina mkuku, ule uti wa chini, na upepo wa kusi ukianza shemeji anapiga makasia huku anarudi nyuma. Tena aliiacha imejaa pomoni juu ya mchanga, jua la saa saba, hewa ikatanuka, mshono ukaachia. Lakini duka lake, mtaa uleule, walimbadilishia bila maneno na soda wakampa. Nikilikumbuka hilo nasema afadhali ningechukua ya buluu. Ah, hapana. Kusi ikukute na ile mbali na ufuko, utaita watu kwa majina.

Chukueni ya kijivu, ila si kwa yule. Muuzaji aijaze mbele yako, nenda kale chakula cha mchana, ukirudi ibonyeze pande zote, na kwenye valvu tema mate uone kama yanatoa mapovu. Akikukatalia, ondoka. Ukimkuta ameinamia simu, ondoka kabla hujauliza bei.