Simu ya zamani kama modemu: waya wa USB au hotspoti?

Usiitupe ile simu yenye kioo kilichopasuka. Kama ni Android 2.2, toleo la mwaka 2010, au la baadaye, kwa kawaida inaweza kuipa laptopu intaneti kwa njia mbili: waya wa USB au hotspoti ya Wi-Fi.

Mimi nasimama na waya. Betri ya simu iliyozeeka haina nguvu, na hotspoti huimaliza upesi huku simu ikichemka. Kwa waya, laptopu inaichaji simu wakati huohuo inapovuta bando. Hakuna nywila wala jirani wa kudandia. Windows huiona simu kama kadi ya mtandao. Mac ndiyo husumbua, maana haizielewi Android nyingi za zamani bila programu ya ziada.

Kasi? USB 2.0 hubeba hadi Mbps 480 (megabiti kwa sekunde) kwa nadharia, ilhali HSPA+, yaani 3G iliyoboreshwa, kwenye simu nyingi za wakati ule iliishia Mbps 21. Kinachokuchelewesha ni mnara, si waya.

Hotspoti ina ushindi mmoja mkubwa: nafasi. Nyumba yenye kuta nene, unaiacha simu dirishani inakoshika mtandao, wewe unakaa mezani. Tena watu wawili watatu wanaunganishwa pamoja.

Kwa njia yoyote, kwenye Windows 10 au 11 weka muunganisho huo kuwa wa kupimwa data (“metered connection”) kabla ya kuanza kazi. Masasisho yakianza kujipakua yenyewe, kifurushi cha wiki kinaweza kuisha kabla ya chakula cha mchana.