Mkalimani aliyekuja Columbus: nimeimaliza United States of Al

Asubuhi nyingi huwa nimeketi kwenye chumba cha daktari hapa Columbus, Ohio, katikati ya mama aliyetoka Fizi, Kongo, na daktari asiyejua Fizi iko upande gani wa dunia. Mama akisema "tumbo linanikata", nami nasema kwa Kiingereza "tumbo linanikata", kana kwamba tumbo ni langu. Ndiyo kanuni yetu wakalimani: hatusemi "yeye anasema", tunasema "mimi". Basi jirani aliponiambia kuna vichekesho vya televisheni kuhusu mkalimani aliyehamia Columbus hii hii, sikungoja Jumamosi.

United States of Al ilianza kuonyeshwa na CBS tarehe 1 Aprili 2021 na ikasimamishwa Mei 2022, baada ya misimu miwili na sehemu 35. Nimezimaliza zote kwa wiki tatu, usiku watoto wakishalala, na nne kati ya hizo nimezirudia. Naipendekeza kwa moyo mmoja kwa yeyote aliyewahi kumpokea mtu aliyetoka vitani. Makosa inayo, na nitayasema.

Kisa chenyewe ni hiki. Riley ni Marine, askari wa Marekani, aliyerudi kutoka Afghanistan. Ndoa yake na Vanessa imevunjika vipande viwili, kila mmoja anaishi kwake, na yeye analala kwenye gereji ya nyumba ya babake. Dada yake Lizzie alikuwa mchumba wa Michael, rafiki wa Riley aliyeuawa vitani, na msiba huo umo ndani ya nyumba mchana na usiku. Anafika Awalmir, wanamwita Al, aliyekuwa mkalimani wa kikosi cha Riley. Viza yake imehangaikiwa muda mrefu, na sasa yuko uwanja wa ndege wa Columbus, na Riley amekuja kumpokea. Parker Young ni Riley, Adhir Kalyan ni Al, na baba mtu ni Dean Norris, ambaye akinyamaza tu unajua amekasirika kiasi gani.

Nilidhani nitaona kisa kile cha siku zote: mgeni hajui hiki, mgeni anashangaa kile, wenyeji wanacheka. Hicho kipo, hasa sehemu za mwanzo, na kinachosha. Lakini ukikaa nayo kidogo unaona aliyepotea si Al. Al anajua kusalimia wazee, anajua kukaa mezani na watu, anajua kumwambia rafiki yake ukweli. Riley ndiye hajui tena akae vipi kwenye nyumba aliyozaliwa. Wazee wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijaona kipindi cha televisheni kilichofuata maneno hayo hatua kwa hatua kama hiki, na wala sidhani walioandika waliwahi kuyasikia.

Hapa nimtaje kakangu mkubwa. Ni askari wa KDF, jeshi la Kenya. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011, naye akapelekwa baadaye. Aliporudi nyumbani Mombasa, Mama alipika pilau, wajomba wakajaa barazani, watoto wa mtaa wakaja kumtazama. Alikula vijiko vitatu akatoka nje. Usiku akawa halali chumbani. Alitandika mkeka sebuleni, mgongo ukutani, uso mlangoni. Mama akasema ni joto, tukachangishana tukamnunulia feni. Feni ikakaa chumbani, yeye akabaki sebuleni.

Kila jioni alikuwa akienda nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kuongea kwa simu na mwenzake wa kikosi aliyekuwa kwao Kitale. Huko chini ya mwembe tulimsikia akicheka mpaka anakohoa. Akiingia ndani, kicheko kimekwisha. Niliumia sana. Nilikuwa najiuliza huyo mtu wa Kitale ana nini ambacho sisi ndugu zake wa tumbo moja hatuna, na kwa muda mrefu nilimchukia mtu ambaye sijawahi hata kumwona.

Sasa nenda katazame Riley na Al wakiwa wawili ndani ya ile gereji. Baba yuko nyumba kubwa, anampenda mwanawe, na hajui aanze wapi. Dada yuko hapo. Mke wa zamani anapiga simu kuhusu mtoto. Lakini wa kuongea naye ni mmoja tu, aliyekuwa pale, ambaye haelezwi kitu tangu mwanzo. Nilikuwa nimekaa kwenye kochi langu Columbus, nikamwelewa mtu wa Kitale baada ya miaka yote hiyo. Nikalia, na kwenye televisheni watu walikuwa wanacheka.

Hivyo vicheko ni kosa la kwanza. Kipindi kimetengenezwa kwa mtindo ule wa zamani wa sebule ya studio, kamera kadhaa, na vicheko vya watazamaji kila baada ya sentensi mbili tatu. Mtu anasema jambo zito, unataka kulimeza, kicheko kinakuja kukunyang'anya. Waigizaji hawa hawakuhitaji msaada huo.

La pili ni lafudhi. Adhir Kalyan ni mtu wa Durban, Afrika Kusini, mwenye asili ya Kihindi. Lilipotoka tangazo la kipindi, Waafghani wengi walilalamika kwamba kati ya watu wao wote hakupatikana hata mmoja wa kumwigiza Al, na kwamba anavyotamka si wao. Nawaelewa kabisa. Mimi nikisikia filamu ya kigeni mtu anaongea "Kiswahili" kilichovunjwa mifupa, hata hadithi siifuatilii tena. Kalyan ni mwigizaji mzuri, ana upole usoni ambao haufundishwi, na nilimpenda. Lakini mtoto wa Kabul akisema sikio lake limeumia, sikio ni lake. Kwa upande mwingine, kwenye meza ya waandishi walikuwemo Waafghani, na inaonekana. Majina ya sehemu yameandikwa kwa lugha mbili, Kiingereza kisha Kidari, lugha ya Afghanistan, na yale ya nyumbani, namna mama anavyoulizia ndoa kwa simu, namna chai inavyosukumwa mbele ya mgeni hata akikataa, hayakuokotwa kwenye kitabu cha utalii.

La tatu linanihusu mimi mkazi. Hii Columbus yao siijui. Hapa kwetu kuna Wasomali makumi ya maelfu. Ukipita Cleveland Avenue au Morse Road unaona maduka ya nyama halali, wauza baibui, migahawa ya bariis, wali wa Kisomali, na sambusa, na jioni ya Ramadhani maegesho yote yamejaa. Al anafika mji huu, na sikuziona hizo barabara hata mara moja. Kipindi kilipigwa studio California, na inaonekana. Mwislamu aliyetua Columbus wiki ya kwanza tu angekuwa ameshapelekwa na mtu kula mchele na mbuzi. Ningependa sana kumwona Riley ameketi pale, hajui ashike wapi, na Al ndiye mwenyeji.

Kuhusu ukalimani wenyewe, nimeridhika kuliko nilivyotarajia. Watu hudhani kazi yetu ni kubadilisha maneno. Mgonjwa wangu wa Kongo akisema anamtaka "munganga", mimi mtu wa Mombasa nikisikia kwa sikio la kwetu nitadhani anatafuta mganga wa kienyeji, kumbe kwao huyo ndiye daktari. Kwa hiyo lazima ujue mtu ametoka wapi kabla hujafungua mdomo. Al anafanya hivyo hivyo ndani ya familia ya Riley. Anamsikia baba, anamsikia mwana, wote wanaongea Kiingereza kimoja na hawaelewani, na yeye mwenye Kiingereza cha kujifunza ndiye anayewaunganisha. Bado anatafsiri. Vita vimekwisha kwake, kazi haijaisha.

Kama una nusu saa tu, tazama sehemu ya kwanza ya msimu wa pili, Promises, iliyotoka Oktoba 2021. Waandishi walikuwa wamepanga mambo mengine kabisa. Kisha tarehe 15 Agosti Taliban wakaingia Kabul, na baadhi ya watu waliokuwa wakiandika kipindi hiki walikuwa na ndugu zao kule. Wakaacha walichopanga wakaandika upya. Hassina, dada yake Al, yuko Kabul, na nyumba nzima ya Riley haina kazi nyingine ila simu: nani anamjua nani, lango gani la uwanja wa ndege limefunguliwa, chaji imebaki asilimia ngapi. Riley hana bunduki, hana kikosi, ana simu na jina la rafiki wa rafiki. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu arudi, anajua afanye nini na mikono yake. Vicheko karibu vimetoweka. Wiki ile ya Agosti tulikuwa tunaona mambo hayo kwenye habari, watu wamesimama kwenye mtaro wa maji machafu wakiinua karatasi zao juu. Wengi walikuwa watu wa kazi yangu. Walisimama katikati ya wawili wakasema "mimi" kwa niaba ya askari wa kigeni, na majirani zao wakawasikia wakisema.

Sehemu hiyo nilimtumia kakangu. Sikumwandikia maelezo yoyote, nilituma tu. Alinipigia, kwao ikiwa usiku wa manane na kwangu jioni, hata salamu hakunipa.

"Dadangu, huyo msichana alitoka?"

Alikuwa ameisimamisha katikati. Nikamwambia aendelee, sikati simu. Tukaitazama hivyo, yeye Mombasa na mimi Columbus, hakuna aliyesema neno mpaka majina ya mwisho yakapita.